Kipimo cha Lafudhi

Siku Pambanuzi ilipoletwa kiwandani, Leokadia Ntahondi alidhani ni mizani mpya ya tangawizi. Ilikuja ndani ya boksi dogo la kadibodi, na mtu wa Mamlaka ya Ukaazi aliyeileta hakushuka hata kwenye pikipiki yake ya umeme. Alimkabidhi boksi, akamwambia ataje jina na cheo chake karibu na kifuniko. Boksi likamjibu kwa sauti ya kike, laini:

"Asante, Leokadia Ntahondi, afisa utumishi. Kuanzia sasa wewe ndiye mpimaji wa eneo hili."

"Mpimaji wa nini?" Leokadia akauliza.

Yule mtu alikuwa ameshageuza pikipiki. "Karatasi imo humo ndani, mama. Mna siku tatu."

Aliisoma palepale getini, vumbi la tangawizi likimwasha puani. Ilikuwa ile Sheria ya Ajira Mipakani waliyoisikia redioni tangu masika, ambayo kila mtu mjini Mkabazi aliiona kuwa maneno ya wanasiasa tu. Sasa ilikuwa mkononi mwake. Kila mwajiri aliye karibu na mpaka atawapima sauti wafanyakazi wake wote. Serikali haitapima. Atapima mwajiri mwenyewe, kwa mkono wa mtumishi wake, ili siku ya siku asije akasema hakujua. Na kiwanda kitakachoonekana kimeajiri mtu wa ng'ambo asiye na kibali, kitafungwa kwa minyororo.

Ng'ambo haikuwa mbali. Ukisimama juu ya paa la ghala la kiwanda uliuona mto Malagarasi, na nyuma ya mto vilima vya Burundi, vya kijani vilevile kama vya huku. Waha wa huku na Warundi wa kule walielewana kwa lugha zao bila mkalimani. Walioana, walizikana, walinunuliana mbuzi. Hata mpaka ulipowekewa waya na taa, sauti za watu ziliendelea kufanana.

Leokadia mwenyewe alikuwa Muha wa Kasulu mjini, mwenye miaka arobaini na minne. Alikuwa amesomea shule za bweni mbali na kwao, akarudi akiongea Kiswahili cha vitabuni, na kwa miaka kumi na mmoja ndiye aliyeajiri kila mtu mpya aliyeosha, aliyekata, aliyekausha na aliyesaga tangawizi katika kiwanda cha Bwana Nassoro Kheri. Aliwajua wote, na majina ya watoto wao pia.

Alipompelekea bosi wake ile karatasi, Bwana Nassoro aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Wapime," alisema.

"Bosi, hii mashine hatuijui."

"Wewe wapime, Leokadia. Kule mitandaoni wanasema nimejaza Warundi humu ili niwanyonye. Nikikataa kupima, nimekiri."

*

Wafanyakazi waliingia ofisini mmoja mmoja. Mtu alikaa kwenye kiti, akaonyeshwa picha ya jiko lenye sufuria, kuni na mwanamke anayemenya ndizi, akaambiwa aeleze kwa dakika mbili vile yeye anavyopika chakula cha mchana. Basi. Hakuna swali la kwao wapi wala baba yake nani.

Pambanuzi haikujali maneno. Karatasi ilieleza kwamba ilisikiliza vitu ambavyo msemaji mwenyewe havisikii: irabu inavutwa kwa muda gani, sauti inapanda silabi ya ngapi, ulimi unagusa wapi kati ya "r" na "l", pumzi inakatika kabla ya neno gani. Vitu hivyo, ilisema, mtu huvibeba tangu kabla hajaota meno. Wataalamu walikuwa wameilisha sauti za maelfu ya watu, na sasa ilijua mtu amelelewa wapi kama vile mbwa anavyomjua mwenyewe. Ikizidi asilimia sabini kwamba asili ya mtu ni ng'ambo, taa iligeuka nyekundu na matokeo yalikwenda Mamlaka hapohapo. Mpimaji hakuwa na kitufe cha kuyazuia.

Gaudensia Kihuna aliingia saa nne asubuhi, mikono bado imelowa maji ya kuoshea tangawizi. Alikuwa mama wa miaka hamsini na nane, mfupi, mwenye maneno mengi, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa sehemu ya kuosha. Alizaliwa Nyamihanda, kijiji cha mwisho kabla ya mto, ndani ya nyumba ambayo mpaka leo ilikuwa imesimama.

"Haya, mwanangu," alimwambia Leokadia huku akijifuta mikono kwenye kanga. "Huyu mgeni wako ananiuliza napika nini?"

"Muelezee tu, mama, kama unavyonielezea mimi."

Gaudensia akaisogelea Pambanuzi kama mtu anayemkaribisha mgeni nyumbani. Akaeleza maharage yanavyochambuliwa, mawese yanavyotiwa mwishoni na si mwanzoni kama wafanyavyo wasichana wa siku hizi, na ugali wa muhogo unavyosongwa mpaka mkono uchoke. Alieleza vizuri kiasi kwamba Leokadia alisikia njaa.

Taa ikawa nyekundu. Asilimia themanini na moja.

"Ndiyo nini hiyo?" Gaudensia akauliza, bado anatabasamu.

Leokadia aliiwasha mashine upya, akapiga namba iliyoandikwa kwenye karatasi, akasikilizishwa muziki dakika ishirini, kisha simu ikakatika. Wakati huo ujumbe ulikuwa umeshafika kwenye simu ya Gaudensia: asimame kazi, ana siku kumi na nne za kuleta ushahidi wa uraia, asiondoke wilayani.

Ushahidi alikuwa nao wa namna gani? Alizaliwa nyumbani, akapokelewa na bibi yake. Kadi yake ya zamani ya uraia ilikuwa imefutwa pamoja na kadi zote za vijiji vya mpakani, kwa kuwa zilisemekana kugawiwa kiholela. Ili apate kadi mpya, ilimlazimu apite kwenye kipimo cha sauti.

Mchana, zamu ya wasagaji ilipofika, aliingia Jafari Mhando, fundi wa kisagio. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na sita, mpole, mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Aliitazama picha, akaeleza wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa Kiswahili cha Tanga kinachoteleza kama mafuta.

Kijani. Asilimia tisini na saba: mwenyeji.

Macho yao yakakutana, kisha Jafari akatazama chini.

Miaka mitatu nyuma, kisagio kilipomkata vile vidole viwili, Leokadia ndiye aliyempeleka hospitali. Ndani ya gari la wagonjwa, akidhani damu inamwisha, Jafari alimshika kanga akamwambia jina alilopewa na mama yake. Misago. Mama huyo alivuka mto mwaka wa njaa akiwa na mtoto wa miaka minne mgongoni, akapanda treni, akafika mpaka Tanga, akafa kwa homa mwaka wa pili. Majirani wa Kisambaa wakamchukua mtoto, wakamwandikisha kwa jina lao. Hakuwa na kibali, hakuwa na cheti cha kweli, hakujua neno hata moja la Kirundi. Leokadia aliitunza siri hiyo kama alivyotunza siri nyingi za watu kiwandani, bila kuifikiria sana. Mpaka siku ile.

Jioni hesabu ya taa nyekundu ilikuwa watu kumi na wanane. Wote walikuwa wa vijiji vitatu vya kando ya mto.

*

Kwa siku tano alimfundisha Gaudensia kuongea.

Alijua ni upuuzi, lakini hakuwa na lingine. Walikaa sebuleni kwake, wakasikiliza watangazaji wa taarifa ya habari na kurudia sentensi zao. Gaudensia alijaribu kwa bidii ya mwanafunzi. Alikaza midomo, akafupisha irabu, akaacha kabisa kucheka maana akicheka sauti yake ilirudi kwao.

"Wakati mwingine najisikia kama nimetiwa kitu kinywani," alisema siku ya nne. "Hata kuku wangu asubuhi nimewaita hivi hivi. Hawakuja."

Walipopima tena, Pambanuzi ilitoa asilimia tisini na mbili, na chini yake ikaongeza mstari mpya: Dalili za kuficha lafudhi.

Gaudensia hakuweza kuusoma ule mstari kwa kuwa macho yake hayakuona maandishi madogo. "Imepungua?" akauliza.

"Bado, mama," Leokadia akasema.

Kufikia hapo nchi nzima ilikuwa inabishana juu ya Mkabazi. Kituo cha televisheni cha mkoa kikatangaza mjadala wa hadhara ukumbi wa halmashauri, Jumamosi mchana, moja kwa moja kwenye kila simu. Mamlaka ingemleta mtaalamu wake. Waajiri wangekuwepo, vijana wasio na kazi wangekuwepo, na wapimaji waliombwa waje na wao watoe uzoefu wao.

Ijumaa, kengele ya kutoka ilipolia, Jafari alimfuata Leokadia nyuma ya ghala, mahali tangawizi iliyokatwa ilipoanikwa kwenye vichanja.

"Dada, kesho utasema?"

"Nitasema juu ya mama Gaudensia. Hao kumi na wanane. Basi."

Jafari akaokota kipande cha tangawizi, akakivunja. "Nimewasikia wale watu wa Mamlaka redioni. Wanasema kukataliwa kwa mtu si ushahidi, kila anayekataliwa atalia kwamba ameonewa. Mimi nikiwa wao ningesema hivyohivyo. Sasa ushahidi ni nini?" Akajijibu mwenyewe. "Ushahidi ni mimi."

"Jafari, nyamaza."

"Sikulaumu ukinitaja. Yule mama alinipikia uji miezi miwili mkono huu ukiwa na bandeji. Ila nakuomba kitu kimoja. Ukiamua, niambie kabla, nimpeleke Zena kwa ndugu zake. Hajui. Mke wangu ananijua mimi ni Mhando."

"Sitakutaja."

"Usiape, dada."

"Siapi. Nakwambia."

Akarudi nyumbani kwa miguu akiwa amewabeba watu wawili moyoni, mmoja Gaudensia, mmoja Jafari, na kila alipojaribu kumweka mmoja chini, mkono ulikataa. Gaudensia alikuwa na haki kamili, na hakuwa na njia. Jafari hakuwa na haki kwa mujibu wa sheria, lakini alikuwa na miaka thelathini na miwili ya kuishi hapa. Nani alimpa yeye, mtu wa kuandika likizo na kugawa mabuti, kazi ya kuchagua?

*

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Juu ya jukwaa alikaa Bwana Nassoro, kando yake Dokta Lusajo Mwaipaja wa Mamlaka, na mwisho wa meza kijana anayeitwa Pastory Gwimo, mwenyekiti wa vijana wasio na ajira. Leokadia aliwekwa safu ya kwanza pamoja na wapimaji wenzake. Jafari na Zena walikuwa safu ya tatu. Gaudensia hakuruhusiwa kuingia. Kipaza sauti cha mlangoni kilimpima kila aliyesema jina lake.

Pastory ndiye aliyeanza, na Leokadia, aliyekuja akiwa amejiandaa kumchukia, alishindwa.

"Mimi nina cheti cha ufundi mitambo," kijana alisema. "Nimeomba kazi pale kwa Bwana Nassoro mara sita. Mara sita! Mama yangu ameuza shamba nisome. Nikiuliza mbona kazi wanapata watu ambao hatujui wametoka wapi, naambiwa mimi mbaguzi. Mimi nambagua nani? Nataka kazi kwetu. Mwenye kiwanda anapenda mtu asiye na karatasi kwa sababu mtu huyo hawezi kudai kitu. Huo ndio ubaguzi, tena ubaguzi wa kutunyonya wote wawili."

Walimpigia makofi, hata waliokuja kumpinga.

Bwana Nassoro akasema hajawahi kumwajiri mtu kwa kuwa hana karatasi, na kwamba babu wa baba yake alifungua duka Mkabazi kabla ya waya kuwekwa mpakani. Mtu mmoja madirishani akapaza sauti: "Na wewe kwenu wapi? Rudi Uarabuni!" Kicheko kikapita. Bwana Nassoro akaanza kupanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Mwalimu mmoja mwanamke akasimama akasema kwa hasira kwamba mashine inayokataa vijiji vitatu vizima ni ubaguzi wa waziwazi, ni kuwaambia Waha wa mtoni kwamba wao si watu wa nchi hii. Naye akapigiwa makofi. Mtangazaji akahangaika na kipaza sauti, kelele zikamshinda.

Dokta Lusajo akasubiri watulie. Alikuwa mtu mnyenyekevu, mwenye sauti ya chini, na hilo ndilo lililotisha.

"Ndugu zangu, mimi kwetu ni Tukuyu. Hata mimi nina mpaka mlangoni. Siipendi kazi hii, kama ninyi msivyoipenda. Lakini mashine haina kabila. Ukiweka watu, watapokea rushwa na watabagua. Mashine husikiliza tu." Akanywa maji. "Mnasema imewakataa wenyeji. Inawezekana, na ndiyo maana kuna siku kumi na nne. Lakini nawaambia hivi, na nasema mbele ya nchi nzima. Tangu tuanze, haijampitisha mgeni hata mmoja. Nionyesheni mmoja tu, mmoja iliyempitisha kimakosa, nami nitaizima leo, kabla sijatoka ukumbini."

Leokadia akajizuia kugeuka kutazama safu ya tatu.

Mtangazaji akamjia na kipaza sauti. "Tumsikie mpimaji kutoka kiwanda cha tangawizi. Mama, wewe umeona nini?"

Alisimama. Alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi, na akayasoma: jina la Gaudensia, kijiji chake, nyumba aliyozaliwa, miaka ishirini na mitatu aliyoosha tangawizi. Alisoma vizuri. Alipofika mwisho alipaswa kukaa.

"Mashine imekosea," alisema, na karatasi ilikuwa imekwisha. "Imekosea huku na huku. Imemkataa mwenyeji, na mtu ambaye hakuzaliwa hapa imempitisha. Yupo. Namjua."

Watu wa madirishani wakaingiza vichwa ndani.

Dokta Lusajo akainama mbele. Usoni hakuwa na hila yoyote. Alionekana kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina ufa. "Ni nani, mama? Mtaje. Nikihakikisha, naizima. Nimetoa neno langu."

Jina lilikuwa mdomoni. Silabi tatu tu, na Gaudensia angerudi kwenye karo lake la maji, na wale kumi na saba wengine, na wa wilaya nyingine asiowajua. Aligeuka bila kukusudia, akamwona Zena akinyoosha shingo kwa shauku kama watu wote ili asikie ni nani huyo mgeni, na kando yake Jafari ameuficha mkono wa kushoto chini ya kwapa.

"Sitamtaja," Leokadia akasema.

Kelele zilizofuata hakuzisikia vizuri. Pastory alikuwa amesimama akimnyooshea kidole: mmesikia wenyewe, wamo, na wanawajua! Mwalimu naye alikuwa amesimama: mmesikia wenyewe, mashine ni mbovu! Sentensi yake moja ilikuwa ikirushwa kutoka pande zote mbili kama jiwe. Bwana Nassoro alimtazama kutoka jukwaani kwa macho ya mtu aliyechomewa nyumba na mlinzi wake mwenyewe.

Dokta Lusajo akaandika kitu kwenye kishikwambi chake. "Bila jina siwezi kuizima," alisema taratibu. "Lakini nakushukuru, mama. Umetusaidia. Kama kuna aliyepita, basi tulisikiliza mahali pasipofaa. Tutaongeza kipimo."

*

Kipimo cha pili kilifika Jumatano. Safari hii boksi lilikuwa na visikizio vya masikioni na kola laini ya kuvaa shingoni.

Aliyepimwa hakutakiwa kusema kitu. Alikaa kimya akasikilizishwa sauti: mama akimwita mtoto, mtu akihesabu, mtu akibembeleza, kwa lugha kumi na mbili zilizochanganywa. Kwa maelezo ya karatasi, mtu anaposikia lugha aliyoisikia kwanza duniani, koo lake huitikia. Misuli hujongea kiasi kidogo mno, kama inataka kujibu, hata kama mtu mwenyewe ameisahau lugha hiyo na haelewi neno. Kola ilihisi mjongeo huo.

"Usije," Leokadia alikuwa amemwambia Jafari Jumanne, alipopata ujumbe kwamba kipimo kipya kinakuja. "Ondoka leo."

"Nikiondoka nitakuwa nimejitaja mwenyewe, na bosi atafungiwa. Zena atabaki na maswali." Akatikisa kichwa. "Sijui hata salamu yao, dada. Koo litaitikia nini?" Kisha, bila kumtazama, akasema, "Jumamosi nilitaka kusimama. Ulipokuwa umenyamaza pale. Nilitaka kusimama niseme ni mimi. Sikusimama."

Leokadia alimfunga ile kola kwa mikono yake, kwa kuwa sheria ilitaka afunge mpimaji. Alilisikia joto la shingo ya mtu. Jafari akafumba macho. Lugha ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayenyolewa. Kwenye lugha ya saba, sauti ya mwanamke ilikuwa ikibembeleza mtoto, na Leokadia aliyeisikia kwa mbali kwenye spika ndogo alitambua ni Kirundi.

Jafari hakujongea. Lakini machozi yalimtoka chini ya kope zilizofumbwa, akayafuta upesi kama mtu aliyeingiwa na vumbi, akashangaa kuona mkono umelowa.

"Ni nini?" akauliza. "Kwani ile ilikuwa nini?"

Taa ilikuwa nyekundu.

Gaudensia aliitikia Kirundi na Kiha sawasawa. Pambanuzi, isiyojua kutenganisha viwili hivyo, ikampa asilimia tisini na sita. Kipimo kipya kilitoa watu arobaini na mmoja kiwandani pale tu. Bwana Nassoro aliwaita wote uani, akasema amekata rufaa, na kiwanda hakitafungwa mpaka isikilizwe, akasema ana wakili, kisha akaingia ndani. Siku mbili baadaye Pastory Gwimo alikuja getini kuchukua fomu ya kazi ya kisagio. Alipoipokea mikononi mwa Leokadia hakumtazama usoni.

"Sikutaka wachukue wa Nyamihanda," alisema. "Mimi sikusema hao."

"Najua," Leokadia akajibu.

*

Siku kumi na nne zilipokwisha, rufaa ikiwa bado haijasikilizwa, askari waliwapeleka darajani Jumatatu asubuhi. Sheria ilimtaka mpimaji awepo kumthibitisha kila mtu, kwa hiyo Leokadia alisimama kwenye kizuizi cha upande wa huku, kishikwambi cha Mamlaka kikiwa kimewekwa mbele yake juu ya nguzo. Mto ulikuwa umepungua, mawe yanaonekana.

Jafari alitangulia. Zena alikuwa amefika naye mpaka kwenye waya. Hakulia, wala hakumwachia mkono mpaka askari alipomwachisha. Kule mwisho wa daraja, ofisa wa Burundi alimuuliza Jafari jambo. Jafari akatikisa kichwa. Akaulizwa tena, polepole zaidi. Akajaribu Kiswahili, na ofisa akacheka kidogo kwa mshangao, akawaita wenzake waje wasikie. Baada ya muda walimrudisha mpaka katikati ya daraja, wakamwonyesha akae pale. Mtu huyu, walituma ujumbe, ni wa pwani yenu, hatumjui. Upande wa huku ukajibu kwamba kipimo hakikosei. Jafari akakaa juu ya begi lake, huku na kule hakuna anayemwita.

Kishikwambi kikauliza: "Huyu ndiye Gaudensia Kihuna?"

"Ndiye," Leokadia akasema, "lakini ni mtu wa hapa, amezaliwa Nyamihanda, nyumba yao..."

"Asante. Imethibitishwa."

Gaudensia alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alikuwa na furushi moja. Kwa wiki tatu hakuwa ameongea na watu isipokuwa kwa ishara za kichwa na mikono, akiogopa kila kipaza sauti kilichopachikwa mjini. Alipofika mbele ya Leokadia alimshika mashavu.

"Wewe mwanangu ulisema," alimwambia kwa sauti yake ya kweli, ile ya maharage na mawese. "Nilisikia kwenye simu ya jirani. Ulisema vizuri."

Kisha akaanza kuvuka, akimpita Jafari pale katikati, akasimama kumgusa bega.

Kule mwisho alipokelewa na ofisa kijana, msichana mwenye uso mzuri wa heshima, aliyepiga magoti kidogo kama inavyompasa mtu akikutana na mama wa umri ule, akamsalimia kwa Kirundi. Leokadia aliuona mgongo wa Gaudensia ukisita. Usijibu, aliomba moyoni. Mama, usijibu. Lakini Gaudensia hakuwa mtu wa kuacha salamu ya mtoto wa watu ianguke chini. Aliitikia. Aliitikia yote, mpaka habari za nyumbani, na uso wa yule msichana ukachanua. Akalichukua furushi, akamshika mama kiwiko.

Gaudensia aligeuka, akaonyesha kwa kidole vilima vya huku, akieleza jambo. Alieleza kwa muda mrefu. Yule msichana alimsikiliza, akitikisa kichwa kwa huruma kama anavyosikilizwa mzee aliyechoka na safari, kisha taratibu akamgeuza, wakaanza kupanda njia pamoja.

"Zoezi la mpimaji limekamilika?" kishikwambi kikauliza. "Sema ndiyo au hapana."

Leokadia alikuwa akiwatazama. Hakusema ndiyo, na hapana hakuwa na wa kumwambia.

Kishikwambi kilisubiri. Njia ya kule ilipinda nyuma ya migomba, na gauni la kanisani likaonekana mara moja, halafu basi.

"Ukimya umepokelewa kuwa ndiyo," kikasema, na taa yake ikazimika.